Picha ya Pili Usiikose, ya Nne Iulizie

Wadogo zangu, msomaji mmoja wa Kawempe ameniuliza jambo ambalo wengi wenu mnalo moyoni. Alianguka kwenye bodaboda, akavunjika kifundo cha mkono, mfupa ukanyooshwa na kufungwa plasta. Sasa ameambiwa arudi wiki ijayo kupigwa picha ya eksirei, kisha arudi tena na tena. Anasema: "Dada, mkono hauniumi. Kwa nini nitoe hela ya picha nyingine?"

Mdogo wangu, wiki ijayo nenda. Hata ikibidi ukope nauli, nenda.

Mimi nilivunjika hapohapo. Siku ya tisa plasta ilianza kulegea, kidole kikawa kinapita ndani bila taabu, nami nikafurahi kwamba uvimbe umekwisha. Sikujua kwamba uvimbe ukinywea, plasta haiukamati tena mfupa. Picha ya siku iliyofuata ilionyesha mfupa umeteleza. Ukavutwa upya, nikafungwa plasta nyingine, na leo mkono huu unasonga posho. Ningengoja mwezi mzima, mfupa ungekuwa umeanza kuunga ukiwa umepinda, na kuunyoosha tena pengine kungetaka kisu. Ndiyo maana mfupa ulionyooshwa kwa mkono tu, bila kutiwa chuma, huangaliwa sana wiki mbili tatu za mwanzo.

Picha za baadaye ni habari nyingine. Yangu ya mwisho, mwezi wa tatu, daktari aliitazama mara moja akairudisha kwenye bahasha. Alikwisha kunibonyeza kifundo na kukizungusha, akaona siumii. Uholanzi walilipima jambo hili kwa watu waliovunjika kifundo cha mkono au cha mguu: baada ya wiki mbili za mwanzo, wengine waliendelea kupigwa picha kwa ratiba, wengine wakapigwa pale tu daktari alipoona sababu. Viungo vyao vilipona sawasawa. Na mtoto ambaye mfupa wa mkono umebonyea tu bila kuachana, kwa kawaida hahitaji picha ya kurudia hata moja.

Najua gharama yenyewe. Ada ziliondolewa kwenye hospitali za serikali hapa Uganda mwaka 2001, lakini nauli, chakula na kibarua cha siku hiyo bado vinatoka mfukoni mwako. Kwa hiyo muulize daktari kwa heshima: "Musawo, picha hii ikionyesha tofauti, utabadilisha nini?" Akikujibu, "Nitakuvuta tena," au "Nitajua kama unaweza kukanyaga," lipa. Akisema ni kawaida tu, mwombe akupime kwa mikono kwanza.

Ila msilichukue neno langu mkalipeleka kwenye kila mfupa. Vijana wa bodaboda wanaolazwa Hospitali ya Mulago wamevunjika paja au muundi wana safari ndefu. Muundi wa mtu mzima huchukua miezi mitatu, minne, au zaidi. Hapo picha za baadaye zina kazi kubwa, maana mfupa unaweza kukataa kuunga huku mwenyewe anatembea akidhani amepona.

Kuhusu mionzi, msihangaike: picha moja ya mkono ina mionzi michache kuliko ile tunayoipata kwa asili kwa siku moja. Mwenye mimba aseme tu kabla hajapigwa.

Kuna lisilongoja tarehe ya picha. Vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi ndani ya plasta, nenda usiku huohuo. Wala usiikate plasta nyumbani ukafungwe vijiti na mwunga mifupa. Vikibana sana, damu haipiti, na wapo waliopoteza mkono kwa hilo.

Nawe wa Kawempe, siku hiyo beba picha yako ya kwanza. Usiikunje. Daktari ataziweka mbili hizo pamoja ili aone kama mfupa umesogea.