SOMO: DHAHABU INAYOFICHUA ZEBAKI MAJINI

Ndugu mfanyakazi, maji yenye zebaki huweza kuonekana safi kabisa. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa waliokula samaki wenye zebaki ya kiwanda uligunduliwa mwaka 1956. Umwagaji uliendelea hadi 1968.

Leo wataalamu wana kipimo cha chembe za dhahabu. Chembe 70,000 zikipangwa mstari hazifiki milimita moja. Zikitawanyika majini huonekana nyekundu. Ndiyo, dhahabu nyekundu! Huvikwa kemikali inayonasa zebaki. Zebaki ikiingia huzikusanya, na maji hugeuka buluu.

Lakini hata chumvi nyingi yaweza kuzikusanya. Basi rangi ikigeuka, msinywe. Chupa nyingine ipelekwe maabara, na mjumbe wenu awepo inapojazwa.