Mnyama Uliyemfunga ni Amana Mkononi Mwako

Katika vijiji vya Pande, wilayani Kilwa, kama ilivyo katika sehemu nyingi za pwani ya Lindi, mkulima alimaye mihogo, mahindi au ufuta karibu na mwitu hana budi kulilinda shamba lake. Nguruwe-mwitu huja usiku; nyani na ngedere huja mchana. Kwa hiyo wako wakulima wafugao mbwa, na ndani ya nyumba hufugwa paka ili panya wasimalize nafaka. Lakini mara nyingi huonekana jambo la kusikitisha: mbwa yule yule alindaye chakula cha watu hupigwa mawe na watoto, hufungwa juani pasipo maji, na akizeeka au kuugua huachwa ajitafutie mwenyewe. Wengine wakiulizwa hujibu: “Mbwa ni najisi.” Inatupasa tuangalie kama jibu hilo linakubaliana na mafundisho ya Uislamu.

Ruhusa na mpaka wake

Kurani Tukufu katika Sura Al-Maida, aya ya 5, imeruhusu nyama ya windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda. Katika Sura Al-Kahf, aya ya 19, wametajwa vijana wacha Mungu wa Pangoni, na mbwa wao ametajwa pamoja nao. Naye Mtume Mtukufu s.a.w., kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, alionya kwamba mwenye kuweka mbwa pasipo haja hupunguziwa thawabu zake kila siku. Lakini alitoa ruhusa kwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Basi mkulima wa Pande anaye mbwa wake kwa ruhusa ya sheria. Asione haya kwa hilo, wala asidhani kwamba mnyama aliyeruhusiwa kwa kazi hana haki yoyote baada ya kazi.

Twahara ni jambo moja, ukatili ni jambo jingine

Ni kweli kwamba Hadithi ya Muslim yatuamuru kuosha mara saba chombo kilichorambwa na mbwa, mara ya kwanza kwa udongo. Hiyo ni amri juu ya usafi wa vyombo vyetu. Haikusema popote kwamba mbwa apigwe au anyimwe maji. Mwenye kuishika vema amri hii humwekea mbwa chombo chake mwenyewe na mahali pake nje ya nyumba, kisha humpa haki yake. Ama paka, Mtume s.a.w. alisema kwamba si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Sahaba mashuhuri Hadhrat Abu Huraira r.a. alipata jina lake hilo kwa sababu ya paka mdogo aliyekuwa naye.

Hadithi mbili za kuzingatia

Bukhari na Muslim wamepokea habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, asimpe chakula, wala asimwache atoke akale wadudu wa ardhini. Tuangalie vema kosa lake. Paka aliye huru hujitafutia riziki aliyowekewa na Mola wake; lakini mtu akishamfungia, njia ya riziki ile ameikata kwa mkono wake, na tangu saa hiyo njaa ya mnyama yule imekuwa deni lake. Hali ni hiyo hiyo kwa mbwa aliye katika kamba. Kamba ile ni mkataba: aliyeifunga amejitwika chakula, maji na kivuli.

Hadithi ya pili ni ya mtu aliyeshuka kisimani kwa kiu. Alipotoka alimwona mbwa akihema na kulamba udongo, akashuka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akapanda amekishika kwa meno, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Masahaba walipouliza kama kuna thawabu hata kwa wanyama, Mtume s.a.w. alijibu kwamba iko thawabu kwa kila chenye uhai. Haikutajwa kwamba mbwa yule alikuwa wake. Ikiwa mbwa wa njiani ana haki ya maji, je, wa nyumbani kwako?

Kichaa cha mbwa

Kuna wajibu mwingine, nao unahusu uhai wa jirani. Kichaa cha mbwa huua makumi ya maelfu ya watu duniani kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa kwa kuumwa na mbwa. Kuanzia mwaka 2010 Serikali ya Tanzania pamoja na Shirika la Afya Duniani walifanya mradi wa kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini mashariki, Lindi na Mtwara zikiwamo, pamoja na kisiwa cha Pemba. Huko Pemba ugonjwa ulikoma mwaka 2014, ukaingia tena mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, ukakomeshwa mara ya pili mwaka 2018 kwa chanjo. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi mwenye kumficha mbwa wake siku ya chanjo anafungua mlango ambao majirani zake wameufunga.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo kwa muda wa dakika 15. Asipake pilipili wala mafuta ya taa. Aende hospitali siku ile ile, na amalize sindano zote alizoandikiwa, kwani dalili zikishatokea hakuna dawa ya kutegemewa.

Kabla ya kumchukua mnyama

Katika baadhi ya miji ziko nyumba za kutunzia wanyama walioachwa. Jijini Nairobi, kwa mfano, chama cha KSPCA hupokea mbwa na paka waliotelekezwa na kuwatafutia watu wa kuwafuga. Kijijini kazi hiyo ni ya kila mwenye nyumba. Basi kabla ya kupokea mtoto wa mbwa au wa paka tujiulize: Je, nina haja naye? Atakula nini wakati wa njaa? Nitampeleka kwa bwana mifugo kila mwaka achanjwe? Akizaa, watoto watakwenda kwa nani? Kuwatupa kichakani ni dhuluma. Na akizeeka, nitamtunza kama nilivyomtumia?

Hata sheria ya nchi, yaani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inakataza ukatili kwa wanyama. Lakini Mwahmadiyya anayo ahadi iliyotangulia sheria hiyo. Katika sharti la nne la Baiati, lililotangazwa na Hadhrat Masihi Aliyeahidiwa a.s. mwaka 1889, tumeahidi kutowaudhi viumbe vya Mwenyezi Mungu kwa mkono wala kwa ulimi. Jiwe alilotupa mtoto wetu kwa mbwa wa jirani limo ndani ya ahadi hiyo, na ni wajibu wetu wazazi kulitoa mkononi mwake.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa na huruma kwa viumbe vyake vyote, ili nasi tupate rehema yake. Amin.