Harufu ya Kivumbasi

Nataka kuwaeleza jambo moja la elimu ya mimea. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha.

Nilipokuwa mwaka wa tatu katika shule hii nilirudi nyumbani likizo, kilimani kwetu hapa Rwanda, wakati wa kuhifadhi maharagwe. Desturi ya mama ilikuwa kukausha majani ya kivumbasi kivulini, kuyatwanga, na kuyachanganya na maharagwe siku ile ile. Mwaka ule alinipa mimi kazi hiyo. Kwa kujiona msomi, nikaona kivuli kinanichelewesha. Nikayaanika majani juu ya bati, juani, siku tatu, kisha nikayatia guniani bila kuyatwanga.

Miezi ilipopita mama alifungua gunia akatia mkono. Maharagwe yalikuwa yamebunguliwa, kila moja lina tundu, na unga ukamwagika vidoleni mwake. Gunia lile ndilo lililokuwa mbegu yetu ya msimu uliofuata na sehemu ya karo yangu. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, uliyaanika mpaka yakaishiwa harufu. Sasa yangemfukuza nani?"

Swali hilo ndilo somo la leo. Harufu ya mmea ni kitu gani, na ni ya kazi gani?

Chukueni jani la kivumbasi mlitazame kwa hadubini. Mtaona juu ya ngozi yake vitezi vidogo sana vilivyovimba. Humo ndimo mafuta yenye harufu yanamowekwa. Wataalamu waliochunguza kivumbasi cha Rwanda, cha aina iitwayo Ocimum canum, walichapisha mwaka 1991 kwamba sehemu kubwa ya mafuta hayo ni linaloli, na kwamba linaloli huua wadudu wa ghalani.

Linaloli hutengenezwa hivi. Jani hutumia mwanga wa jua kufanya sukari kutoka katika hewa na maji. Sehemu ya sukari hiyo huvunjwa ikafanywa vipande vyenye kaboni 5 kila kimoja. Vipande viwili huunganishwa, na kimeng'enya maalumu humalizia kazi. Mwisho hupatikana linaloli, yenye kaboni 10, haidrojeni 18 na oksijeni 1. Sukari hiyo ingeweza kurefusha shina au kukuza mbegu. Kwa hiyo harufu si kitu cha bure, mmea umeigharimia.

Kwa nini basi mmea ukubali gharama hiyo? Kwa sababu hauna miguu. Mbuzi akimwona chui hukimbia, lakini kivumbasi hakiwezi kumkimbia kiwavi. Silaha yake ni kemia. Mdudu akitafuna jani, vitezi hupasuka na mafuta humrukia. Linaloli hugeuka mvuke upesi, ikaingia mwilini mwake na kuvuruga mishipa yake ya fahamu. Hata mmea wenyewe hujilinda na silaha yake: mafuta huwekwa nje ya seli, chini ya utando wa nta, yasije yakaidhuru.

Lakini harufu ina kazi nyingine pia. Maua mengi yanayofunguka usiku hutoa linaloli hiyo hiyo kuwaita nondo wawabebee chavua. Kwa mmoja ni sumu, kwa mwingine ni mwaliko. Tena iko mimea iitayo walinzi. Huko Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, watafiti walipanda majani ya malisho yenye harufu nzito katikati ya mistari ya mahindi. Mwaka 1997 walitangaza kwamba harufu ile iliwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, na papo hapo ikawavuta nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi na kuwaua.

Sasa mmeona kosa langu. Kitu kinachogeuka mvuke upesi hakianikwi juani siku tatu. Joto la bati liliyafukuza mafuta kabla fukusi hawajafika. Tena sikutwanga, na hata kidogo kilichosalia kilibaki kimefungwa ndani ya vitezi. Kivuli huyalinda mafuta, kinu huyafungua. Mama hakujua jina la linaloli, lakini alijua njia zake zote.

Ninyi mlioko shuleni, jaribuni wenyewe. Twaeni chupa tatu, kila moja itieni maharagwe 100 mazima na fukusi 10. Ya kwanza iacheni hivyo hivyo. Ya pili itieni majani yaliyokaushwa juani. Ya tatu itieni unga wa majani yaliyokaushwa kivulini na kutwangwa siku hiyo. Fungeni kwa kitambaa, na baada ya miezi miwili hesabuni matundu. Kumbukeni pia kwamba hata unga mzuri hupoteza nguvu, maana harufu haiachi kuondoka. Lazima kuuongeza.

Msimu ule mama aliuza mbuzi wake mmoja nikarudi shuleni. Ndiyo maana kila nisikiapo harufu ya kivumbasi humkumbuka mbuzi yule, nami hutwanga.