Watu wa Suffa na Asiye na Makao

Jua, ewe ndugu msomaji, kwamba jambo la mtu asiye na pa kulala halikuanza na miji yetu ya leo. Lilimkabili Mtume (s.a.w.) Madina. Muhajirina waliohama Makka mwaka 622 waliacha nyumba na mali zao. Wengi walipokewa na Ansari majumbani mwao, lakini wageni hawakukoma kuja, na nyumba zina mwisho wake. Wakabaki watu wasio na jamaa wala dirhamu.

Kibla kilipogeuzwa kuelekea Alkaaba, mwaka wa pili wa Hijra, upande wa kaskazini wa msikiti, uliokuwa mbele, ukawa nyuma. Hapo palipoezekwa ndipo palipoitwa Suffa, na hao wakapewa wakae. Hawakupelekwa nje ya mji wasionekane. Walikaa hatua chache tu na vyumba vya Mtume mwenyewe.

Wala hawakuwekwa pale wakasahauliwa. Mtume aliamrisha kwamba mwenye chakula cha wawili achukue wa tatu, na mwenye cha wanne achukue wa tano au wa sita. Abubakar akenda na watatu, naye Mtume akenda na kumi. Siku moja ilipoletwa bakuli ya maziwa, Abu Hureira, ambaye ni mmoja wao na njaa imemshika, aliambiwa awaite wenziwe wote. Moyoni alihofu hayatambakilia kitu. Wakanywa wote, kisha yeye, na Mtume akawa wa mwisho.

Tena walisomeshwa. Ubada bin Samit aliwafundisha Kurani na kuandika. Na wasomi wa Kurani walikuwa wakikata kuni mchana, wakaziuza, wakawanunulia chakula. Idadi yao ilipanda na kushuka, kwani aliyepata mke au kazi au nyumba aliondoka. Huyo Abu Hureira ndiye aliyekuja kuwa liwali wa Bahrain zama za Sayyidna Omar.

Kwetu, mara nyingi, alalaye barazani mwa msikiti hufukuzwa, na mlango hutiwa kufuli baada ya Isha. Husemwa ni mvivu, ni mwizi. Kuulinda msikiti ni haki, sikatai. Lakini uvivu wa mtu hujulikana akisha kula na kulala, si kabla.

Basi fedha zitoke wapi? Fukara na msafiri aliyekatikiwa wote wamo katika wale wanane wa zaka waliotajwa katika Sura ya Tawba. Na nyumba za wakfu tunazo. Vyumba viwili tu, kwa muda wa miezi michache, pamoja na mtu wa kumtafutia mkaazi kazi au kumpatanisha na jamaa zake, vyatosha kuanzia. Ila sharti la aliyeweka wakfu liangaliwe kwanza, kwani halivunjwi hata kwa ajili ya kheri nyingine. Likizuia, na ipangishwe nyumba ya mtu. Na zaka apewe fukara mwenyewe mkononi mwake, alipe kodi yake kama walipavyo wapangaji wengine.