Kuchagua Chuo cha Uuguzi: Majibu kwa Wazazi na Vijana wa Masisi na Walikale

Swali: Binti yangu amemaliza ITM, shule ya sekondari ya uuguzi, hapa Masisi, na majirani wanamwita muuguzi tayari. Ya nini tena chuo?

Jibu: Ni muuguzi kweli, mama, wala asidharauliwe, kwani katika vituo vingi vya afya vya milimani kwetu ni huyu wa daraja la A2 azalishaye na adungaye sindano usiku, daktari akiwa mbali mwendo wa siku nzima. Lakini akitamani kuongoza wodi au kuwafundisha wenzake, hana budi kupanda daraja.

Swali: Naahidiwa lisansi. Ndiyo A0?

Jibu: Tahadhari, kwani neno hilo limebeba maana mbili. Katika utaratibu wa kale mwanafunzi alisoma miaka 3 akapata graduati, yaani A1, kisha mwenye uwezo akaongeza miaka 2 akapata lisansi, yaani A0. Amma tangu mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) ulipoenezwa nchini katika mwaka wa masomo 2021–2022, lisansi imekuwa shahada ya kwanza, nayo hupimwa kwa krediti, 60 kila mwaka. Basi uliza ni lisansi ya utaratibu upi, ya miaka mingapi na kwa ada gani, nawe uandikiwe.

Swali: Vyuo ni vingi. Nitapimaje?

Jibu: Usianzie kwenye rangi ya lango. Omba kwanza kuona hati ya idhini ya serikali, kwa maana shahada isiyotambuliwa itamzuia kijana hata mbele ya Chama cha Wauguzi, kilichoundwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Kisha, na hili kwangu ndilo kubwa kupita yote, uliza wanafunzi hupelekwa hospitali gani kwa mazoezi, kwa majuma mangapi, na nani huwasimamia usiku. Niliwahi kushuhudia wanafunzi thelathini wakizunguka kitanda kimoja cha mgonjwa, na wa nyuma hakuona hata mkono wa mwalimu. Muuguzi wa namna hiyo akirudi Nyabiondo au Kibua atajifunzia juu ya miili ya watu wetu.

Swali: Sisi wa Walikale, ni lazima Goma?

Jibu: Si lazima. ISTM ya serikali, yaani chuo cha juu cha ufundi wa tiba, ipo Goma, lakini zipo pia za Bukavu na Kisangani, nayo barabara ya taifa namba 3 yaunganisha Walikale na miji hiyo miwili ya mwisho. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma mwezi wa Januari 2025, na njia ya Masisi ikawa ya mashaka, mzazi apime usalama wa safari na mahali pa kulala kabla ya sifa za chuo.

Swali: Na karatasi?

Jibu: Aghalabu huombwa diploma ya serikali, buletini za miaka ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cha afya na cha mwenendo mwema. Aliyesoma biolojia na kemia, au aliyetoka ITM, ataanza akiwa mwepesi. Wengi wetu tumekimbia vita tukiacha makabati nyuma. Kwa hiyo toeni nakala zilizothibitishwa, mziweke kwa ndugu wa mji mwingine, na leo hii hakikisheni kwamba jina, jina la pili na jina la ubatizo yameandikwa kwa herufi zile zile katika kila karatasi.