Sumu Ndani ya Ukuta wa Shule: Nani Atalipa Kuiondoa?



Kazini tumezoea kujikinga na hatari inayoonekana: jiwe linaloanguka, moto wa tanuru, gari linalorudi nyuma. Jioni tunamwambia mtoto: «Lala mapema, kesho shule.» Tunamtuma bila mashaka, kwa sababu shule ni mahali pa amani.

Leo tujifunze juu ya hatari isiyoonekana kwa macho, iliyolala miaka mingi ndani ya kuta za shule huko Marekani. Tutaona pia kwa nini mzazi peke yake, ao mwalimu mkuu peke yake, hawezi kuiondoa.

1. PCB ni kitu gani?

Mafundi wetu wa umeme wanalijua jina hili, tunalitamka «pesebe». Ni mafuta yaliyotengenezwa na watu katika viwanda, toka mwaka 1929. Yalisifiwa sana: hayashiki moto upesi, hayaharibiki kwa joto, hayapitishi umeme. Kwa hiyo yakatiwa ndani ya transfo na kondansateri.

Wajenzi nao wakayapenda. Wakayachanganya katika rangi, na katika mastiki, ile gundi laini inayojaza nafasi kati ya dirisha na ukuta. Yakatiwa pia katika vyombo vidogo vinavyowasha taa za neon. Marekani ilijenga shule nyingi sana katika miaka ya 1950, 1960 na 1970. Kwa namna hiyo mafuta ya transfo yakaingia darasani.

Mwaka 1968, huko Japani, PCB ilivuja kutoka katika bomba la kiwanda na kuingia ndani ya mafuta ya kupikia. Zaidi ya watu 1,000 wakaugua: vipele vibaya vya ngozi, macho kuvimba, uchovu usiokwisha. Hata watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao walipatwa. Marekani ikakataza kutengeneza PCB mwaka 1979. Mwaka 2013, wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Ulimwengu waliiweka kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu.

Lakini kukataza si kuondoa. Mastiki iliyokwisha kupakwa ilibaki pale pale. Polepole PCB inatoka ndani yake, inaingia katika hewa, katika vumbi, hata katika matofali ya karibu. Mtoto anavuta hewa ile. Anashika vumbi, kisha anatia mkono kinywani. Mwilini sumu inakaa katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi.

2. Mambo yaliyotokea Burlington

Tuangalie mji mmoja, Burlington, katika jimbo la Vermont. Shule yake kubwa ya sekondari ilijengwa mwaka 1964. Mwaka 2018 raia walipiga kura wakakubali dola milioni 70 kwa kuitengeneza upya. Mbele ya kazi kuanza, wakapima majengo. Wakakuta PCB. Mwezi wa Septemba 2020 shule ikafungwa.

Wanafunzi wakaenda wapi? Toka Machi 2021 walisomea ndani ya duka kubwa la zamani katikati ya mji, mahali watu walipokuwa wakinunua nguo na sahani. Shule ya kale ilibomolewa baadaye. Mwezi wa Novemba 2022 raia wakapiga kura tena: safari hii kukopa dola milioni 165 kwa kujenga shule mpya. Ona namna bei ilivyopanda!

Bunge la Vermont halikungoja mji wa pili upatwe. Mwaka 2021 lilitunga sheria: kila shule iliyojengwa ao kutengenezwa mbele ya 1980 ipimwe hewa yake. Shule zilizohusika zilikuwa zaidi ya 300. Na wakuu wa afya wakaweka mipaka kwa kadiri ya umri. PCB ikipita nanogramu 30 katika metakibu moja ya hewa, ni nyingi mno kwa watoto wadogo kabisa. Kwa watoto wa shule ya msingi mpaka ni 60. Kwa wakubwa, 100. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara 1,000,000,000. Mtoto akiwa mdogo, mpaka unashuka, kwa sababu mwili wake bado unajengwa.

3. Kupima bila pesa ni nusu ya kazi

Hapa ndipo penye somo letu. Kuondoa PCB si kukwangua mastiki kwa kisu. Ukikwangua ovyo, unatimua vumbi na kuongeza hatari. Kwanza shule inapewa hewa safi zaidi, na vyombo vya zamani vya taa vinatolewa. Kisha mafundi waliofundishwa, wenye nguo za kujikinga, wanafunga chumba kwa plastiki, wanatoa mastiki, na takataka zinapelekwa mahali palipokubaliwa na sheria. Mwishoni hewa inapimwa tena. Shule ya kijiji itatoa wapi pesa hizo? Ikichukua katika bajeti yake, itapunguza vitabu na walimu.

Ndiyo sababu mwaka 2022 jimbo la Vermont liliweka kando dola milioni 32 za hazina ya elimu. Lakini nusu yake, milioni 16, ilikwenda Burlington peke yake, wakati shule nyingi zilikuwa hazijapimwa. Mwezi wa Juni 2023 jimbo likashitaki Monsanto, kampuni iliyotengeneza PCB, likidai ilipe.

Marekani ilikwisha kuona jambo hili kwa amianti. Mwaka 1984 serikali ilitunga sheria ya kuzipa shule maskini mikopo na misaada kwa kuiondoa. Mwaka 1986 ikazilazimisha shule zote kuitafuta. Amri na pesa ni kama miguu miwili. Mzazi akiambiwa «hewa ya darasa ni mbaya», bila pesa ya kuitengeneza, anabaki na hofu tu. Pesa ikitolewa bila kupima, inatumika mahali pasipo na sumu.

4. Na sisi?

Kongo ni kati ya nchi zilizokubali Mapatano ya Stockholm ya 2001. Yanaagiza PCB iliyobaki katika vyombo vya umeme isitumike tena baada ya 2025, na iharibiwe kwa namna salama mpaka 2028. Si kila transfo ina PCB, lakini macho hayawezi kutofautisha. Kwa hiyo:

– Usilete nyumbani mafuta ya transfo. Usiyapake ngozini, usiyatie jikoni. Huko Kenya wezi waliyaiba, yakauzwa kwa kukaangia chakula.
– Usitumie pipa lake kuwekea maji, hata likioshwa mara kumi.
– Ukiona transfo ya zamani inavuja, julisha mkubwa wako wa kazi. Watoto wasicheze pale.
– Usikate wala kusugua malata ya zamani ya eterniti, yana amianti.
– Shule ya watoto ikitaka kutengenezwa, wazazi waulize mbele: jengo ni la mwaka gani? Limepimwa? Pesa ya kuondoa sumu imo katika hesabu?

Maswali ya kujibu pamoja nyumbani

1. Kwa nini PCB iliendelea kuwadhuru watu baada ya kukatazwa mwaka 1979?
2. Kwa nini mpaka wa mtoto mdogo ni chini kuliko wa mkubwa?
3. Watu wa Burlington wangepima mapema, wangepata faida gani?

Kazini tunajua: ajali iliyozuiwa inagharimu kidogo kuliko ajali iliyotokea. Kwa shule pia ni hivyo. Tofauti ni moja tu: mfanyakazi anaweza kukataa kuingia mahali pa hatari, mtoto anaingia pale tulipomtuma.