Jina la Rafiki Si Dhamana

Somo la mara hii si la kupalilia wala la kuanika. Ni la simu ya mkononi. Tumeliweka katika ukurasa huu kwa sababu wakati wa uchumaji fedha za wachumaji na za kukodi gari hupita simuni tangu alfajiri mpaka usiku, na wezi wanalijua jambo hilo kama tunavyolijua sisi.

Msimu uliopita mwenzetu mmoja alipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa shemeji yake. Picha ilikuwa ya shemeji, jina la shemeji. Ujumbe ulisema: nimekwama, nikopeshe laki tatu, kesho asubuhi nitakurudishia, ila tuma kwa namba hii nyingine. Mwenzetu akatuma. Zilikuwa fedha za wachumaji wake. Magharibi walipokutana msikitini akamwuliza shemeji kama zimefika, na shemeji akashangaa, maana WhatsApp yake ilikuwa imemkatalia tangu asubuhi, naye akidhani ni mtandao tu umeharibika.

Watu wakisikia habari kama hii hucheka na kusema kuwa aliyetuma ni mjinga. Haifai kusema hivyo. Alitazama jina, akatazama picha, akaona ni mtu wake. Wengi wetu tungeishia hapo hapo.

Hila yenyewe ni kongwe kuliko simu hizi. Tarehe 4 Mei 2000 kompyuta za dunia nzima zilianza kupokea barua pepe yenye kichwa kisemacho, kwa Kiingereza, «Nakupenda». Ndani yake mlikuwa na kiambatisho kilichojionyesha kama barua ya mapenzi. Aliyekifungua aliiruhusu programu ya uharibifu iingie, ikaharibu picha na mafaili yake, kisha ikachukua daftari lake la anwani na kujituma kwa watu wote waliomo, kwa jina lake. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake: kila aliyeipata aliipata kutoka kwa mtu anayemjua. Mamilioni ya kompyuta yakaugua kwa siku chache, hata Bunge la Uingereza likafunga barua pepe zake kwa muda. Mtungaji alikuwa kijana wa Manila, Ufilipino. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba alitaka kuiba maneno ya siri ya watu ili atumie intaneti bila ya kulipa. Hakuhukumiwa, kwa kuwa nchi yake wakati ule haikuwa na sheria ya makosa ya namna hiyo. Sisi tunayo tangu mwaka 2015, lakini sheria humfuata mwizi baada ya fedha kuondoka.

Sasa tutazame jinsi WhatsApp ya shemeji ilivyochukuliwa, maana hapa ndipo penye faida kubwa ya somo hili. Mwizi hakuigusa simu yake. Alichukua simu yake mwenyewe, akaiweka WhatsApp, akaandika namba ya shemeji. WhatsApp, ili kuhakikisha, hupeleka tarakimu sita kwa ujumbe wa kawaida kwenye namba hiyo. Basi zikafika kwa shemeji. Wakati huo huo akapata ujumbe kutoka kwa jina la rafiki (naye akaunti yake ilikwisha kuibwa) ukisema: samahani, nimekosea, namba zangu zimekuja kwako, nirudishie. Shemeji, kwa uungwana, akazirudisha. Papo hapo akaunti ikahamia kwa mwizi.

Kwa hiyo tarakimu zinazokuja simuni mwako ni zako peke yako. Asipewe ndugu, wala asipewe anayejitambulisha kuwa wa benki au wa kampuni ya simu. Hakuna tarakimu za mtu mwingine zinazokuja kwako kwa makosa ambazo yakupasa kuzirudisha.

Tena uweke kufuli la pili. Ndani ya WhatsApp fungua Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili, uchague tarakimu sita nyingine unazozijua wewe tu. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa, wala namba ile ile unayotolea fedha. Ukifanya hivyo, mwizi hata akizipata zile zilizokuja kwa ujumbe bado atakuta mlango umefungwa. Kazi hii haifiki dakika tano, na wazee wasioweza wasaidiwe na wajukuu, lakini tarakimu wachague wao wenyewe.

Na ukiombwa fedha? Hakuna kati yetu anayenunua karafuu kwa kuambiwa kuwa ni kavu. Huichukua moja akaivunja, ikilia anajua. Ujumbe nao uvunje. Mpigie mwenyewe kwa simu ya kawaida, kwa namba uliyokuwa nayo zamani, usikie sauti yake. Ukimwandikia katika WhatsApp ile ile kumwuliza kama ni yeye, atakayejibu ni mwizi. Asipopokea, ngoja. Tunajua kuwa kumngojesha ndugu mwenye shida ni jambo zito, hasa akiwa Muscat au Dar es Salaam na kusema kuwa mtoto yuko hospitali. Wezi nao huutumia uzito huo huo.

Aliyekwisha kuibiwa akaunti aingize tena namba yake katika WhatsApp na aombe tarakimu mpya. Akiziandika, mwizi hutolewa mara moja. Ikiwa mwizi alikwisha kuweka kufuli la pili, mwenyewe atangoja siku saba ndipo aingie, lakini katika siku hizo mwizi naye yuko nje. Wakati huo awapigie jamaa na kuwaambia wasitume kitu. Aliyetuma fedha apige simu kwa kampuni yake hapo hapo, kabla hazijatolewa.

Shemeji alipata akaunti yake siku ya pili. Zile laki tatu hazikurudi, na wachumaji wamelipwa kwa kuuzwa mbuzi wawili.